Mkanda wa Vidole Viwili

Nyumbani kwetu Mji wa Kale theluji ilikuwako, ila ilikaa ndani ya friji. Friji yenyewe kuukuu, mlango wake tunaufunga kwa kamba, na kila baada ya siku chache dari yake ya ndani ilimea weupe mzito. Mama alinituma niukwangue kwa mwiko kabla haujazimeza barafu zetu. Tulikuwa tukiuza barafu za ukwaju na za mabuyu, zile za mifuko, kwa watoto waliopita kichochoroni wakitoka chuo cha Kurani. Kazi ya kufunga mifuko ilikuwa yangu. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, matokeo yakaja kama yalivyokuja, nikakaa nyumbani. Wala sikuhuzunika sana. Mimi ni mtu wa kuota ndoto nikiwa macho, na ndoto hazina karo.

Nikiikwangua ile theluji ya friji nilikuwa nikishika konzi moja, nikaifinya mpaka vidole vikafa ganzi, nikamuwaza kakangu. Nilitaka kujua anavyohisi yeye. Kakangu alikuwa Kanada. Aliondoka gati la Mbaraki na meli ya mizigo, msaidizi wa mpishi, akatuambia ni safari moja tu, atarudi na zawadi. Meli ikarudi, yeye hakurudi. Alishukia huko, akapata ruhusa ya kukaa, akapata kazi jikoni katika mkahawa wa mji mdogo kando ya ziwa. Chumba chake cha darini mama hakumpa mtu. Kila Ijumaa alikitandika shuka safi, akakifukiza udi, akaufunga mlango. Sisi tunalala watatu chumba kimoja, mimi na mama na nyanya, tunakanyagana miguu, na kitanda cha juu kinalala peke yake.

Barua mama hakuzipenda. Alisema karatasi haina koo. Kwa hivyo kakangu alituma kaseti, na sisi tukamjibu kwa kaseti, kama zilivyofanya nyumba nyingi za mtaani kwetu zilizo na mtu ughaibuni. Mtu akisikiwa anasafiri, watu humwendea na kaseti zao, kila moja imefungwa kitambaa chake, naye hazikatai. Kukataa kaseti ya mtu ni kama kukataa salamu.

Kaseti ninayotaka kuisimulia ililetwa na mke wa jirani aliyekwenda kumtazama binti yake huko na kurudi. Ilikuja na kitu kingine ambacho hakuna aliyekitambua: kipande cha mpira mweusi, urefu wake shibiri, kinene, na juu yake jino moja la mpira lililosimama kama ukingo wa sinia. Nyanya alikinusa akasema ni cha viatu. Mama akasema kiwekwe mezani mpaka mwenyewe ajieleze.

Tulikaa kusikiza baada ya alasiri. Nyanya kitandani, mama chini kwenye mkeka, mjomba, yaani ndugu yake mama, kwenye kiti cha mlangoni, nami kando ya redio ya kaseti kwa sababu mimi ndiye niliyejua vitufe. Kakangu alianza kama alivyofunzwa.

"Asalaam aleikum, mama. U hali gani? Hujambo? Miguu haijambo?" Kisha akaendelea. "Nyanya nawe, hujambo? U mzima?"

"Mzima, mwanangu, sijui wewe!" nyanya akaijibu redio.

"Nyanya, ni kaseti hiyo," nikamwambia.

"Najua ni kaseti. Kwani kaseti haina adabu ya kujibiwa?"

Basi tukasikiza hivyo, kakangu akiuliza na nyanya akijibu, mpaka salamu zikaisha na upande wa kwanza ukakaribia kuisha nao. Nikageuza. Upande wa pili ndipo penye neno.

"Mama, nataka shauri lenu," akasema. "Nataka kununua pikipiki ya theluji. Haina magurudumu. Mbele ina mbao mbili za kuteleza, na nyuma ina mkanda mpana wa mpira unaozunguka, kama mkanda wa kinu cha kusaga mahindi. Huo mkanda una meno, na meno ndiyo yanayoikwatua theluji chombo kikaenda. Nimewaletea kipande mkione. Sasa mikanda iko namna namna. Wa tambarare ni mfupi, na meno yake ni mafupi, kidole kimoja kwenda juu. Huo unakimbia juu ya ziwa likiganda, na njia iliyoshindiliwa, lakini ukiupeleka kwenye theluji laini ya mlimani unachimba shimo na kujizika. Wa mlimani ni mrefu na meno yake ni vidole vitatu. Huo unaelea juu ya theluji laini, ila ukiupitisha ziwani unatikisika mpaka meno ya kinywani yanagongana, na mpira unakatika upesi. Tena kuna wa katikati, meno vidole viwili. Mwenye duka asema unakwenda kote. Wengine wasema wa kote si wa popote, haufai. Mikanda miwili siwezi, na kubadilisha ni kazi ya kukivunja chombo kizima. Mwambieni mjomba, yeye anajua mpira."

Mjomba akakohoa, akajiweka sawa kitini.

Kisha kakangu akasema lile lililotufanya sote tusiguse chai. Mkahawa wa ziwani, akasema, hufungwa majira ya baridi yakikolea, na akibaki hapo ataweza kupata ruhusa ya kuja nyumbani, hata ya mwezi. Lakini ameitwa kazi nyingine mlimani, kutunza nyumba za mbao za wageni, yeye ndiye mkubwa wa kazi, na kazi hiyo iko baridi nzima. Akienda huko, kuja nyumbani kutangoja. "Sijaamua," akasema. "Sitaki kununua chombo bila ya shauri lenu. Niambieni nichukue mkanda gani."

Mama hakumngoja mjomba. "Meno mafupi," akasema. "Wa tambarare. Shauri limekwisha."

"Dadangu, ngoja basi tukitazame kitu," mjomba akasema.

"Kitazame. Mimi nishakiona."

Nilikuwa nimeona kitu kimoja zaidi, au niseme nimekisikia. Kakangu alipokuwa akisema habari za ziwa, sauti yake ilitembea. Alipofika mlimani, sauti ilikimbia. Naijua sauti hiyo. Ndiyo aliyokuwa nayo udogoni akipanda paa la nyumba kwa bomba la maji, mama chini akimlilia ashuke, naye juu akituhesabia minara ya misikiti.

Kesho yake nikavaa buibui langu, nikakitia kile kipande mkobani, nikamfuata mjomba kazini kwake Shimanzi. Alikuwa na kibanda cha kuziba na kuchonga upya tairi za malori, nje ya magodauni, na kukifika ni mtihani, kwa jinsi malori yanavyopishana na vumbi linavyokuingia hadi kooni. Mjomba alikipokea kile kipande kwa mikono miwili. Alikikunja, akakinyoosha, akakiuma.

"Mpira mzuri," akasema. "Una nyuzi ndani. Lakini umechoka. Huu umepita pagumu."

Walikuwako madereva wawili wakingoja tairi zao kwenye benchi. Mmoja alikuwa mtu wa Taita, mrefu, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Mwengine alikuwa mnene, wa hapa hapa kisiwani, anatafuna tambuu. Nikawaeleza habari yote. Wakaniangalia kama niliyesema kakangu anaendesha samaki.

"Pikipiki haina magurudumu?" akauliza yule mnene.

"Haina."

"Na ina mbao mbele?"

"Mbili."

"Hiyo si pikipiki, mwanangu. Hicho ni kitanda kimeng'olewa miguu ya nyuma."

Wakacheka. Lakini yule wa Taita hakucheka muda mrefu. Alichukua kipande akaliweka lile jino kwenye kidole chake. "Mimi nalipeleka lori Wundanyi wakati wa mvua," akasema. "Tope la kule si la mchezo. Ukiwa na tairi la meno mafupi, lori linasimama pale pale linazunguka gurudumu, kila ukikanyaga mafuta linazama. Lazima meno marefu. Lakini teremka nayo hayo meno mpaka Voi, uingie lami uje Mombasa! Lori lote linaimba. Tairi linapata moto mpaka ukilitemea mate yanachemka."

"Basi wewe hufungaje?" nikamuuliza. "Na unapita kote kuwili?"

"Nafunga ya kati. Mlimani naenda polepole, lami naenda polepole. Nafika."

"Mshika mawili moja humponyoka," yule mnene akasema, akitema tambuu pembeni.

"Wewe una wake wawili," mjomba akamjibu bila ya kuinua kichwa. "Yupi amekuponyoka?"

"Wote wawili, yakhe! Ndiyo maana waniona niko hapa tangu asubuhi."

Tulicheka mpaka mwenye godauni jirani akachungulia. Mjomba hakuacha kazi yake. Alinieleza, akichora mavumbini kwa bisibisi, kwamba siri si jino peke yake, ni na nafasi kati ya jino na jino. Meno marefu yaliyokaribiana hujaa tope yakawa kama kipara. Meno mafupi yaliyoachana hayana kazi, ni kelele tu. Mkanda mrefu nao unaugawa uzito, ndiyo maana unaelea, kama mtu anayelala kwenye tope badala ya kusimama. "Mwambie kakako atazame nafasi," akasema. "Tena amesema mwenyewe huko anakaa ziwani na mlima unamwita. Mtu wa namna hiyo ni wa meno ya kati. Si kwamba ni mazuri kuliko yote. Ni kwamba yeye mwenyewe yuko kati."

"Mama amesema mafupi."

Mjomba akafuta bisibisi kwa suruali. "Mamako hazungumzi habari ya mpira, mwanangu."

Nilijua. Lakini mimi nami nilitaka kuwa na hakika, nisije nikamdanganya kakangu kwa maneno ya benchi. Theluji ya friji haikutosha hata kuloweka kiatu, kwa hiyo nikangoja Jumapili. Siku hiyo mama alikuna nazi nyingi za wali wa karamu ya jirani, na machicha yalibaki beseni zima. Machicha, ukishayakamua tui lote, ni meupe, laini, mepesi, ukiyakanyaga yanabonyea bila ya kushikana. Sijapata kuiona theluji, lakini nikiifikiria huiona hivyo. Niliyamwaga uani, nikayainua upande mmoja yakawa mlima, na upande mwengine nikaiacha sakafu tupu iwe ziwa. Kisha nikachukua viatu vitatu: ndara yangu iliyokwisha kabisa, ndara mpya ya mama yenye vinundu vidogo, na kiatu cha tairi cha mjomba ambacho meno yake ni ya lori kweli kweli. Nikaviburura kwa mkono, nikivikandamiza, kimoja kimoja.

Ndara kipara ilikimbia vizuri sakafuni, ikafika mlimani ikateleza na kurudi. Kiatu cha lori kilipanda mlima kama mbuzi, kikanirushia machicha usoni, lakini sakafuni kilirukaruka na kuukwaruza mkono wangu. Ndara ya mama ilipanda, ikakwama kidogo, ikapanda tena, na sakafuni ikapita bila ya kelele.

"Kuku wanangoja chakula chao," mama akasema nyuma yangu.

Sikujua amesimama hapo tangu lini. Alikuwa ameshika ufagio, na alitazama ndara yake iliyojaa machicha juu ya kilele.

"Najaribu mkanda, mama."

"Naona." Akachutama kando yangu, jambo ambalo goti lake halikulipenda. Akaokota kiatu cha mjomba, akakiburura mwenyewe pale sakafuni, kikaruka. Akachukua ndara yangu kipara, akaipandisha mlima, ikarudi. Ndara yake hakuigusa. "Hii yako inafaa," akasema. "Haipandi mlima, lakini nani amemwambia apande? Inarudi nyumbani yenyewe, umeiona?"

"Nimeiona, mama."

"Basi."

Akaanza kuyafagia machicha kwa ajili ya kuku. Aliyafagia polepole, na nilimsikia akisema, si na mimi, "Shuka nzima ya pili inachanika kwa kufuliwa, na hakuna aliyeilalia." Nilitaka wakati ule ule kakangu apewe meno ya kuteleza tu, yamrudishe mpaka kichochoroni kwetu, nimsikie akipanda ngazi mbili mbili. Na hapo hapo niliisikia tena sauti yake ikikimbia.

Siku ya kurikodi ikafika, maana mke wa ustadhi mmoja wa mtaani alikuwa akisafiri Kanada na ndege ya jioni. Kaseti tuliyokuwa nayo ilikuwa moja, na madukani walikuwa wamekwisha kufunga kwa sala. Mama akapanga kama alivyopanga siku zote: nyanya kwanza, halafu yeye, halafu mjomba, halafu wazee wa kibarazani waliomlea kakangu, mimi wa mwisho. Na kwa vile mimi ndiye niliyeyajua maneno ya mikanda na meno na nafasi, mimi ndiye niliyekabidhiwa shauri. "Mwambie mafupi," mama akasema, akinitia ukosi sawa kama niliyekwenda kupigwa picha. "Mweleze vizuri, mweleze yaliyosemwa huko kwa mjombako habari ya moto na kutikisika, umalize na mafupi."

Nikabonyeza kitufe chekundu.

Jamani, sisi tumezaliwa na salamu. Nyanya alimuuliza hali yake, akanyamaza amngoje ajibu huko Kanada, akaridhika, akauliza hali ya afya, akangoja. Nikamwonyesha kwa vidole kuwa utepe unakwenda. "Uache uende," akasema ndani ya kaseti, "nami nakwenda nao." Akaingia katika dua, na dua ya nyanya haikatizwi. Mama akashika zamu, akamsalimia kwa niaba ya kila nyumba ya mtaa, upande wa kulia wa kichochoro kisha upande wa kushoto, akiwataja mpaka waliohama. Nikageuza kaseti. Mjomba alisema angetoa neno fupi. Akaanza na "Ama baad," kama khatibu juu ya mimbari. Wazee wa kibarazani wakaitwa, wakaja na mikongojo yao, kila mmoja hawezi kutangulia mwenziwe, "Pita wewe," "Hapana, wewe mkubwa," na adabu hiyo yote ikarikodiwa. Mmoja akasahau aliitiwa nini, akaelezwa, naye akarudia salamu tangu mwanzo asije akaonekana amesema nusu.

Msafiri alikuwa tayari mlangoni. Teksi imemsimamia barabarani, hodi yake ya tatu. "Mwanangu, sema upesi," mama akaniambia.

Nilitazama kidirisha cha redio. Utepe uliobaki ulikuwa mwembamba kama uzi wa kofia. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu usiku na mchana, jino, nafasi, urefu, moto, na yote hayakuwa na pa kuingia. Palikuwa na pa sentensi moja. Mama ananiangalia, ameshika kitambaa cha kufungia. Nikainama kwenye redio.

"Kaka, chukua wa vidole viwili, unafaa kote, lakini..."

Tap. Kitufe kikaruka juu.

Nilichotaka kumalizia ni kwamba kwenye ziwa gumu asikate kona kwa mbio, na akiona theluji imekuwa nyembamba asimame aupoze mpira. Hakikuwa kitu kikubwa. Mjomba akatazama dari. Nyanya akauliza, "Amejibu nini?" Mimi nilimtazama mama, nikijua kwamba angeweza kuitia ile kaseti kifuani mwake akamwambia msafiri, samahani, bibi, safari nyengine. Msafiri akabisha tena. Mama akaifungua redio, akatoa kaseti, akaifunga kitambaa kile polepole, fundo moja, fundo la pili. Kisha akaipeleka mlangoni mwenyewe. "Mpe mkononi," nikamsikia akisema. "Mkononi kwake, bibi, si kwa mtu."

Aliporudi hakunigombeza. Aliniambia barafu zitayeyuka, mlango wa friji uko wazi.

Tukangoja. Upepo wa kusi ukaja, ukapita, embe zikaingia soko la Marikiti zikaisha, nikafunga mifuko isiyo na idadi. Ijumaa zote mama alipanda darini na shuka na chetezo cha udi. Mimi nilijipangia mambo mengi kichwani, kama kawaida yangu: mara kakangu amenunua meno mafupi kwa akili yake mwenyewe na yuko njiani, namuona uwanja wa ndege na koti la manyoya, jasho linamtoka. Mara amezikwa na theluji kwa sababu ya shauri langu. Hiyo ya pili ilikuwa ikija nikiwa nakwangua friji, nami naondoa mkono upesi.

Kaseti ilipokuja, tulikaa vile vile, kila mtu mahali pake. Nikabonyeza. Haikuanza na salamu. Ilianza na ngurumo.

Ngurumo kubwa, ya kukereza, ikipanda na kushuka, na ndani yake kuna sauti ya kitu kinachokwatua, cha haraka, laini, kwatu kwatu kwatu, halafu upepo. Mama aliweka mkono kifuani. Nyanya, alipoona hakuna mtu anayeijibu ile mashine, akasema, "Aleikum salaam."

Kisha mashine ikazimwa na tukasikia mtu akihema na kucheka. "Mama! Mmesikia? Huo ndio mkanda wenu. Wa vidole viwili. Niko juu mlimani, mama, theluji imefika dirishani. Leo nimevuka ziwa kwa huo huo, nikaja nao mpaka juu, umekwama mara moja tu nikaukwamua kwa sepetu." Akahema. "Nimeichukua hii kazi. Sitakuja mwaka huu. Niwieni radhi." Hapo tukasikia upepo ukipita. Kisha salamu zikaanza, kamili, mtu kwa mtu. Mwisho kabisa akaniita mimi. "Na wewe dada, umesema unafaa kote, lakini. Lakini nini? Nimeirudisha ile kaseti mpaka utepe umelegea. Mara nyengine nasimamisha chombo njiani, najiuliza, lakini nini?"

Mama aliniashiria nirudishe mwanzo. Nikarudisha. Akasikiza ile ngurumo tena, kichwa chake kimeinama upande mmoja, kama anavyosikiza nazi akiitikisa kujua ina maji. Alinifanya nirudishe mara nyingi. "Unashika," mwishowe akamwambia mjomba. "Huo mpira. Umeusikia? Unashika."

"Unashika, dadangu."

"Basi hataanguka."

Akaamka akaenda jikoni, na tulimsikia akiosha vyombo vilivyokuwa safi.

Siku chache baadaye akaja msafiri mwengine, na safari hii mama alinunua kaseti mbili. Tukakaa. Nyanya akajitengeneza mtandio ili aanze. Nikabonyeza kitufe chekundu, na kabla nyanya hajafungua kinywa, mama, ambaye maisha yake yote sijapata kumsikia akitanguliza neno mbele ya salamu, hata na mwenye habari ya msiba, akavuta redio mpaka magotini kwake.

"Mwanangu, rudi," akasema. "Maliza theluji yako, panda mlima wako, lakini urudi nikuone. Hata siku mbili. Chumba chako kipo."

Sote tulikuwa tumeshangaa. Mjomba alikuwa amevua kofia. Mama akaitazama redio kitambo, utepe unazunguka bure, kisha akanyoosha mgongo.

"Sasa," akasema. "Asalaam aleikum."

Na salamu zikashika njia yake, nyanya, mjomba, kibaraza kizima na mikongojo yao. Zamu yangu ilipofika, utepe ulikuwa umebaki mwingi, kaseti nzima ya pili, nami nikaona sina tena la kusema. Ile lakini yangu alishaimaliza mama. Nikamwambia kakangu asikate kona ziwani. Kisha nikaibeba redio mpaka kwenye friji, nikafungua ile kamba, nikachukua mwiko, nikaikwangua theluji ya nyumbani karibu na kinasa sauti, polepole, mpaka utepe ukaisha.